Kiti cha Mlangoni

Katika karakana ile ya viatu, mimba haikujulikana kwa tumbo. Ilijulikana kwa pua.

Chumba cha gundi kilikuwa na meza moja ndefu, makopo ya gundi ya manjano, brashi zilizokakamaa mipini, na madirisha yaliyopigiliwa misumari ili vumbi la barabarani lisiharibu soli kabla hazijashikana. Mgeni aliyeingia mle siku ya kwanza alitokwa machozi na kuumwa kichwa. Baada ya mwezi alikuwa amezoea, na baada ya mwaka hakusikia tena harufu yoyote, kana kwamba pua yake nayo imepakwa gundi. Kwa hiyo mwanamke wa siku nyingi akionekana ghafla anakunja uso mbele ya kopo, au anageuza shingo kuutafuta upepo, wenzake walitazamana. Pua imefufuka, basi kuna mtu tumboni.

Msimamizi naye aliijua alama hiyo, na aliitumia pasipo haya. Hakumfukuza mtu; neno hilo hakulitamka kamwe. Alisema kwa upole, "Dada, nenda kapumzike," na mapumziko hayo hayakuwa na mwisho, kwa kuwa kesho yake kiti kilikuwa na mtu mwingine. Alidai kwamba mimba changa ni usumbufu mtupu: kutapika, kuzirai, ruhusa kila kukicha. Iliyokwisha kukomaa hakuijali. Mwenye tumbo kubwa alimwacha afanye kazi mpaka karibu na siku zake, na hata kumtania alimtania. Basi wanawake wa chumba kile waliificha miezi ya mwanzo, yaani ile hasa waliyopaswa kukaa mbali na gundi, wakavuta harufu yake mle ndani huku wakitabasamu.

Miongoni mwao alikuwamo mmoja aliyeitwa Sindano, mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Mwaka uliotangulia mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa ya miezi mitatu, tena siku ya kazi. Alijifungia chooni, akafungua bomba lifunike kilio chake, akajifunga vizuri, akarudi mezani kupaka soli mpaka jioni. Waliojua ni wawili tu: mumewe, ambaye hakupata la kusema, na mama mkwe wake, ambaye alilipata upesi.

"Vizuri hukuwaambia watu, mwanangu. Sasa hakuna atakayekuuliza."

Ni kweli, hakuna aliyemwuliza. Na huko kutoulizwa ndiko kulikomkaa kifuani mwaka mzima, kwa maana alimwomboleza peke yake mtu ambaye hakuna mwingine aliyekiri kwamba aliwahi kuwapo.

Sasa pua yake ilikuwa imefufuka tena. Mama mkwe alimshika mkono jikoni akamwambia, "Safari hii pia, funga mdomo mpaka tumbo liseme lenyewe." Sindano akafunga mdomo.

Ndani ya chumba cha gundi kulikuwa na kiti kimoja cha raha, nacho ni kile cha mlangoni. Mlango ule haukufungwa, kwa kuwa viatu vilipitishwa hapo kwenda barazani kukaushwa, na aliyekaa karibu nao alipata hewa safi. Walakini kiti hicho kilikuwa kitupu kwa majuma. Aliyekikalia mwisho alikwenda "kupumzika," na tangu hapo ilieleweka kwamba anayekitaka ana lake jambo. Kila asubuhi ikawa ni kukaribishana tu.

"Karibu mlangoni, Mama Pacha, wewe ndiwe mkubwa wetu," Sindano alimwambia jirani yake, mwanamke mnene mwenye watoto pacha nyumbani na, siku hizi, kipande cha tangawizi shavuni.

"Ah, mwachie Bi Harusi. Bado mbichi huyo, gundi itamkausha."

"Mimi?" msichana aliyeolewa juzijuzi alishtuka. "Hapana, dada zangu. Upepo unanitia mafua." Na kwa hakika alinuka dawa ya mafua kuanzia puani hadi kifuani.

Juma hilohilo Sindano, macho yakiwa yanaogelea, alibandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia. Msimamizi akainua jozi ile juu watu wote waione.

"Jamani, huyu mteja wetu ana miguu miwili ya kushoto. Akitembea si atazunguka palepale?"

Chumba kizima kilicheka. Sindano alicheka kuliko wote, ili apate kisingizio cha kujiziba mdomo.

Jumamosi, karakana ikiwa imefungwa, alikwenda kliniki. Hakwenda ya jirani. Alipanda magari mawili akafika upande wa pili wa mji, mahali ambapo hapana aliyemjua. Akaketi kwenye benchi kando ya mwanamke aliyejitanda mtandio mpaka machoni. Harufu ya tangawizi ilimfikia kabla hajatulia.

"Mama Pacha?"

Mtandio ulishushwa zaidi machoni. "Siye," ukajibu.

"Siye vipi, na sauti hiyo ninaisikia kila siku ya Mungu?"

"Toba! Sindano, umenifuata mpaka huku?"

"Nikufuate nina wazimu? Nimepanda magari mawili nisionwe na mtu wa karakana!"

"Na mimi je? Nimepanda matatu!"

Mwisho wa benchi mtu alipiga chafya ndogo, na harufu ya dawa ya mafua ikaenea. Wote wawili waligeuka kwa pamoja.

"Shikamooni, dada zangu," akasema Bi Harusi, macho yakiwa sakafuni.

Wakaangua kicheko. Walicheka mpaka Mama Pacha akashika mbavu, kwa kuwa waliona mara moja upumbavu wao wote: wajawazito watatu katika meza moja, kila mmoja amekufa kwa kiu ya hewa, wanakaribishana kiti cha mlangoni kama wageni mezani, na kiti kinabaki kitupu. Nesi alichungulia.

"Kina mama, hapa ni kliniki au harusini?"

"Bibi harusi tunaye, nesi," Mama Pacha akajibu akifuta machozi. "Bado ngoma tu."

Baada ya hapo ndimi zilifunguka. Mama Pacha alieleza kwamba usingizi humkamata amesimama, na kwamba mumewe akifungua mdomo tu nusura amtapikie, "na maskini ya Mungu ametoka kupiga mswaki." Bi Harusi alikiri kwamba anatafuna mchele mbichi kwa siri, na mkwewe amekwisha kuwashuku panya. Kisha akainamisha kichwa, na sauti ikashuka.

"Juzi niliona damu. Kidogo tu, kama doa. Sikumwambia mtu. Nililala nimebana miguu usiku kucha, nikidhani nikilegeza kidogo tu itatoka."

Hapakuwa na wa kucheka. Sindano alimtazama binti yule, na yale aliyoyafungia mwaka mzima yakapanda yenyewe.

"Yangu ya kwanza ilitoka. Palepale chooni kwetu, bomba likiwa wazi."

Mama Pacha aligeuka polepole. "Siku ile uliyosema umekula chakula kibovu?"

"Ndiyo hiyo."

"Nami nikakutania kwamba una uroho."

"Ulinitania, na mimi nikacheka."

"Lo, Mungu anisamehe." Mama Pacha aliushika mkono wake asiuachie. "Hata mimi, shoga yangu. Kabla ya wale pacha zilinitoka mbili. Nani alijua? Hakuna. Nilisingizia malaria."

Nesi aliwaita mmoja mmoja. Bi Harusi alikaa ndani muda mrefu, akatoka amepewa siku ya kurudi na moyo uliotulia kidogo: moyo wa mtoto umeonekana ukipiga. Zamu ya Sindano ilipofika, alieleza habari ya gundi na ya madirisha yale, kisha akauliza alichokuwa akiogopa kuuliza.

"Ile ya kwanza niliiua mimi?"

"Hapana," nesi alisema, akimtazama usoni. "Mimba nyingi hutoka hata mama akiwa amekaa kitako nyumbani, wala hajakosea lolote. Usijibebeshe mzigo huo. Lakini mvuke wa gundi haumfai mwenye mimba, na miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kujihadhari zaidi. Omba kazi nyingine humohumo kazini."

"Nikiomba, nitaambiwa nikapumzike."

"Basi sitakudanganya kwamba ni rahisi."

Sindano alitoka nje. Wenzake walikuwa wakimngoja.

"Jumatatu," alisema, "mimi nakaa mlangoni."

"Usithubutu!" Mama Pacha alishtuka. "Atajua!"

"Nataka ajue. Nimenyamaza mara moja, na kunyamaza hakukuniachia mtoto wala kunipa rambirambi. Sinyamazi mara ya pili."

Siku ya Jumatatu Sindano aliingia kabla ya wote, akaketi kwenye kiti cha mlangoni. Hakugusa brashi. Wanawake walivyoingia walimwona, wakaona na mikono yake iliyotulia mapajani, na mazungumzo ya asubuhi yakafa moja baada ya jingine. Msimamizi alipofika alisimama mbele yake, akatabasamu.

"Leo umepapenda hapa, dada?"

"Nimepapenda, bosi. Nina mimba."

Tangu karakana ile ijengwe, neno hilo halikuwahi kusemwa wazi mle kabla tumbo halijaonekana. Alilisema kwa sauti ya kutaja saizi ya kiatu.

"Hongera," msimamizi akasema kwa upole wake ule. "Basi nenda kapumzike."

"Sijachoka. Sitaki kupumzika, nataka kuhama. Barazani kuna kazi ya kutia kamba na kupiga rangi, na huko hakuna gundi. Mikono yangu unaijua."

"Nikianza kuhamisha kila mwenye kichefuchefu, nitabaki na nani humu? Mko wangapi, kwani?" Aligeukia meza, sauti ikiwa imekwisha kupoteza asali. "Haya, semeni! Nani mwingine humu ana mimba?"

Wanawake waliinamia makopo. Halafu kutoka pembeni, palipokuwa na bibi mmoja mpigilia visigino, mwenye mvi na wajukuu wakubwa, sauti ilisikika.

"Mimi, bosi. Na nadhani ni pacha."

Kicheko kililipuka. Msimamizi aliwaka uso, na papo hapo Mama Pacha akasimama, akatema kipande cha tangawizi kiganjani.

"Bibi anatania. Mimi sitanii. Mwezi wa pili unakwisha."

Bi Harusi aliinuka, akachukua kigoda chake, akakiweka kando ya Sindano, akaketi. Ikatosha.

Msimamizi alitazama makopo yaliyofunguliwa na viatu vilivyongoja. Hakuna brashi iliyokuwa ikitembea; hata wale wasio na mimba walikuwa wamekunja mikono. Ndipo akasema neno ambalo mtu mwenye adabu hasemi. Aliinama akamwambia Sindano, si kwa kunong'ona:

"Sawa. Nikuhamishe. Na hiyo mimba ikitoka mwezi ujao, kama zinavyotoka, utarudi hapa kwenye gundi? Au utaniletea habari gani?"

Sindano aliuona mlango wa choo, akaona bomba. Aliinuka ili asizungumze naye akiwa chini.

"Ikitoka, nitalia hapahapa mbele yako na mbele ya hawa wote. Sitajifungia chooni. Nitalia mpaka nimalize, na wenzangu watanishika, kisha utaniambia pole kama unavyomwambia mtu aliyefiwa. Hiyo ndiyo habari nitakayokuletea. Na mwaka jana ungeniambia pole, ila sikukupa nafasi. Nilipaka soli zako siku ileile."

Msimamizi alikuwa na binti zake nyumbani. Yamkini aliwakumbuka, yamkini alikumbuka tu mzigo uliopaswa kuondoka jioni. Wema wake hatuna sababu ya kumsingizia. Aligeuka akasema kwa hasira ya mtu aliyeshindwa:

"Chukueni ile meza ndogo ya pembeni mwende barazani. Nyie watatu. Na kamba zikienda kombo, mtanisikia!"

"Tutakusikia, bosi," Mama Pacha akaitikia, naye amekwisha kuishika meza upande mmoja.

Bibi wa visigino alichukua upande wa pili, akawazuia wenye mimba wasinyanyue. "Acheni. Mimi wangu wamekwisha kukomaa," alisema, na watu wakacheka tena. Meza ikatoka, ikawekwa barazani, palipokuwa na upepo na vumbi na kelele za barabara. Sindano aliketi akaanza kutia kamba. Kichefuchefu kilikuwapo vilevile, na hofu pia ilikuwapo. Hakuna aliyemwahidi kwamba mtoto huyu atakaa. Lakini alipojisikia vibaya alisema, "Jamani, nasikia vibaya," na mtu mmoja akamletea maji.

Mchana, mwanamke mmoja wa chumba cha kukatia ngozi, asiyezoeana na watu, alitoka na kigoda chake mkononi. Alisimama mbele ya meza yao kama aliyepotea njia.

"Huku mnahitaji mtu?" aliuliza.

Sindano alimtazama usoni, kisha akamtazama jinsi alivyokuwa akikwepa upepo utokao mlango wa gundi.

"Ina muda gani?"

Yule mwanamke aliweka kigoda chini. "Changa mno. Hata mume wangu sijamwambia."

"Umekwisha kutuambia sisi," Sindano akasema, akasogea.