Kwangu Yupo!

Kwenye karakana ya shangazi yangu, vipimo vya wateja vilitafutwa kwa koo. Shangazi hupaza sauti, "Nani ana mwalimu wa chekechea?" na mafundi hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani: "Kwangu hayupo!" "Kwangu yupo!" Mwanangu, anayeshinda kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa, aliyajua maneno hayo kabla ya kujua kuniita mama.

Mimi nilikuwa wa pasi. Jioni nilikuwa nasoma kompyuta, na darasani tulipofika kwenye fomula nikamwomba shangazi aniache nijaribu. Nikaingiza vipimo vyote kwenye faili moja la kompyuta ya karakana, kila fundi na ukurasa wake. Ukiandika namba ya simu ya mteja, fomula inaanza kwenye ukurasa wa Babu Mkasi, fundi wetu wa kukata. Ikimkosa, inakwenda kwa fundi mwenzake, Dada Vifungo. Ikimkosa na huko, kwa shangazi.

"Haya," shangazi akasema. "Ikifanya kazi, kiti hicho cha karani mbele ya kompyuta ni chako. Ikituharibia nguo, pasi yako iko palepale, wala haijapoa."

Kazi ya kwanza ikawa ya huyo huyo mwalimu: gauni la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, kwa hariri aliyoileta mwenyewe, ya kutosha gauni moja tu. Nikaandika namba yake. Kufumba na kufumbua: kifua, kiuno, urefu. Nikamsomea Babu Mkasi, akachora kwa chaki, akashika mkasi.

"Babu, hebu subiri!" Dada Vifungo akasimamisha cherehani. "Kiuno hicho cha nani? Mwalimu si mjamzito? Nimempima juzi, tumbo lilipiga hodi kabla yake!"

"Mimi nilimpima mwaka jana," Babu akasema, mkasi ukiwa hewani. "Alikuwa kama sindano."

Wakacheka. Mimi nikarudi kwenye kompyuta. Fomula yangu ilikuwa kama mgeni mwenye njaa: mlango wa kwanza ukifunguliwa, anakaa hapo hapo. Koo la shangazi lilibisha hodi nyumba zote.

"Shangazi, nipe muda mpaka chai ichemke."

"Imeshaanza kutoa mvuke, mwanangu. Kazana."

Nikaipanga upya: ipite kurasa zote tatu, ilete kila jibu na tarehe yake, la karibuni likae juu. Nikaandika namba tena. Juu, vipimo vya Dada, vya juzi. Chini yake vya Babu, vya mwaka jana. Na kwenye mstari wa shangazi, kama nilivyouelekeza: Kwangu hayupo.

Shangazi akausoma, akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Kumbe umetutia sote humo ndani!"

Babu akaifuta chaki taratibu, akachora kiuno kipya, kipana, chenye nafasi ya mtoto kugeuka. Mkasi ukaingia kwenye hariri.

"Na pasi je?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Pasi tutapokezana. Wewe kaa." Kisha shangazi akapaza sauti kama kawaida yake: "Jamani, nani ana mtoto wa karani wetu?"

Kikapu cha vitambaa kikatikisika, mwanangu akachomoza kichwa.

"Kwangu yupo!"