Mshika Stafu wa Kundi la Tatu

Kazi ya kupima ardhi haifanywi na mtu mmoja. Hilo Nyevu aliliona tangu wiki ya kwanza ya kozi, siku wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi walipotolewa darasani wakapelekwa juani. Mmoja huinamia darubini akasoma. Mwingine husimama mbali na stafu, ile rula ndefu kuliko mtu yenye tarakimu nyekundu na nyeusi, akaishika wima isiyumbe. Bila huyu wa pili, wa kwanza anatazama hewa tu.

Kundi la tatu walikuwa wanne, na mshika stafu wao alikuwa Nyevu. Hakuna aliyemteua. Siku ya kwanza Lenox, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwapangia watu kazi, alimwambia, "Shika wewe, si una subira," naye akashika. Kisha ikawa desturi, kama kiti cha kanisani kinavyogeuka kuwa cha mtu bila kuandikwa jina. Muhula mzima akawa anasimama kule mbali, akiwaona wenzake wanacheka kwenye darubini, asisikie kinachowachekesha. Jioni alirudi chumbani kwake Mtopanga, akasonga ugali wa mtu mmoja, akaula akitazama ukuta. Aliumia, tusifichane. Lakini neno hakulisema, maana kwao Bamba alilelewa asilalamike mbele ya watu wasio wa nyumbani.

Mtihani wa vitendo ukawekwa Shika Adabu, ng'ambo ya feri, kwenye uwanja mmoja wa wazi. Mhadhiri wao, Mwalimu Masha, aliwapa masharti asubuhi kwa ile sauti yake isiyo na haraka. Kila mwanafunzi angesimamisha darubini mwenyewe, apime kuanzia alama iliyowekwa, azunguke uwanja na kurudi palepale, na hesabu zikubaliane. Wa kumshikia stafu awe mtu wa kundi lake.

"Na kundi litakalomtupa mwenzao," akasema, "wote waliomtupa nitawakata alama. Huko kazini daraja halijengwi na mtu mmoja. Mumenisikia?"

"Tumekusikia, mwalimu."

Lenox akatangulia, Nyevu akamshikia. Akafuata Griffin, rafiki yake Lenox, naye akashikiwa. Wa tatu akawa Rispa, msichana mkimya kutoka bara, mwenye tabia ya kutoweka kila mazoezi yakikaribia kwisha. Naye pia Nyevu akamshikia. Mbona yeye hakujitanguliza? Wallahi hakuna aliyemzuia. Alikuwa anangoja mtu amwambie, "Haya, sasa wewe," na hakuna aliyelikumbuka hilo.

Rispa alikusanya vitu vyake mbio mbio. "Nyevu, kuna mahali nakimbia kidogo. Narudi kukushikia. Usianze bila mimi."

"Haya," Nyevu akajibu, lakini moyoni hakumwamini hata chembe. Lenox na Griffin walikuwa washaondoka zamani.

Akangoja. Makundi mengine yakawa yanamaliza moja baada ya jingine. Akampigia Lenox, hakushika. Griffin alishika, kelele za watu zikisikika nyuma yake. "Si Rispa ako hapo? Sisi tushavuka feri, manze." Simu ya Rispa haikupatikana kabisa.

Mwalimu Masha akamjia. "Nyevu, wenzio wako wapi?"

"Wako njiani, mwalimu."

Alisema uongo huo, na aliporudi kuulizwa akausema tena. Usidhani ni kwa kuwapenda. Ni kwamba maadamu wako njiani, basi anao wenzake. Akisema wamemtupa, hatakuwa na mtu chuo kizima, na hilo atakuwa amelitamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Jua likapinda. Waliobaki uwanjani walikuwa akina Fondo wa kundi la tano, nao wanafunga vifaa. Mwalimu Masha akasimama mbele yake, funguo za gari mkononi.

"Mwanangu, mimi sasa natoka. Asiyepima leo atalirudia somo mwakani. Fondo hapa aweza kukushikia, lakini niambie kweli. Wenzio wamekutupa, au hawakukutupa?"

Mwakani. Mwaka mwingine wa kumshikia stafu Lenox mwingine.

"Wamenitupa, mwalimu," akasema. "Mimi sina wenzangu."

Mwalimu Masha akaguna. "Basi, hao watatu nimewakata alama." Kisha akamwita Fondo.

Nyevu alishangaa jinsi alivyojisikia mwepesi. Hata hasira ilimjia, hasira tamu ya mtu aliyenyamaza mno. Akakaza miguu ya darubini mpaka kile kiputo cha kuonyesha usawa kikaja katikati kikatulia. Akainama kusoma. Tarakimu alizozishika muhula mzima bila kuzisoma zikamjia karibu na jicho, kubwa, safi. Akauzunguka uwanja wote, akarudi kwenye alama ya kuanzia, na hesabu zikakubaliana.

"Umefaulu," akasema Mwalimu Masha. "Kazi nzuri." Akaelekea garini. Fondo akamwachia stafu, akawakimbilia wenzake.

Nyevu alikuwa ndiyo kwanza anainamia darubini aifungue kwenye miguu yake ndipo akamwona mtu anatoka barabarani, nusu anatembea nusu anakimbia. Alikuwa Rispa. Mgongoni, ndani ya leso, alikuwa na mtoto mchanga wa kike, kichwa kikimyumba kwa usingizi.

"Nisamehe, Nyevu. Mama anayenilelea mtoto ameshikwa na homa, ikabidi nimfuate huyu mpaka Changamwe. Na simu ikaisha charji." Alihema. "Lakini si nilikwambia narudi?"

Nyevu alimtazama yule mtoto. Muhula mzima alikuwa amemwekea Rispa kinyongo kwa kutoweka. Hata siku moja hakumuuliza anakimbilia wapi.

"Hukuniambia una mtoto."

"Nani alikuwa ananiuliza?" Rispa alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akaiokota stafu. "Twende, kabla Masha hajaondoka. Nasimama kule kwa alama, ama?"

"Rispa, ngoja."

Lakini Rispa alishaanza kwenda. Alivuka uwanja kwa haraka, akafika kwenye alama, akageuka. Akaisimamisha stafu wima, akaikaza kwa mikono yote miwili, mtoto amelala mgongoni, akangoja asomwe.

Gari la Mwalimu Masha likaingia barabarani. Nyevu akaiacha darubini mahali pake, akaanza kumfuata kule mbali, na hakujua atamwambiaje.