Mkono wa Msusi

Kila msusi ana mkono wake. Mwanamke huyu, msusi mwenye saluni yake, alikuwa akiangalia kichwa cha mpita njia, anakwambia kimesukwa saluni gani na nani, na kama huyo msusi alikuwa na njaa. Ndiyo maana Jumapili jioni, binti yake aliporudishwa kutoka kwa baba yake, hata shikamoo ya mtoto hakuiitikia. Alikiona kichwa kwanza.

Mistari ilianzia nyuma ya sikio la kushoto ikapanda kukutana utosini, na kila ncha ilifungwa fundo lililorudishwa ndani lisionekane. Fundo hilo alilibuni yeye mwenyewe. Aliyefundishwa naye fundo hilo alikuwa mmoja tu: Vidole, mwanafunzi wake wa zamani, aliyeondoka bila kuaga akafungua saluni yake ng'ambo ya soko.

Kumbe ndiye! Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nani kakusuka?"

Mtoto waliyemwita Chiriku kwa kuropoka kwake alitabasamu, akafumba mdomo. "Baba kasema nisiseme. Kasema ukiangalia tu utajua."

Jamani! Yaani wanamfanyia kejeli, tena kupitia mwanawe? Msusi akamkalisha Chiriku chini, akachukua kitana chenye mkia, akafumua. Alifumua kama anayeng'oa magugu.

"Mama, unaniumiza!"

"Tulia!"

Asubuhi msusi na baba wa mtoto walikutana ofisini kwa afisa wa ustawi wa watoto. Mambo makubwa ya kuachana kwao yalikuwa yamekwisha. Nyumba ya kupanga angebaki nayo msusi, kiwanja kingeandikwa jina la mtoto, na baba, dereva wa lori, angelipa ada na matunzo. Kulikuwa kumebaki jambo moja tu, mtoto kulala kwa baba yake mwisho wa juma. Wakili wa msusi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikuwa amemwonya mlangoni: "Hilo kubali, mwanangu. Mtoto ana haki ya baba yake. Na mambo ya wanawake usiyaguse humu, hapa hatugawani wivu."

Ameambiwa, akasikia, na bado.

"Mwanangu halali kule," alisema kabla hajaulizwa. "Huyu kaweka mwanamke ndani."

Dereva akageuka. "Mwanamke gani?"

"Vidole! Unadhani siujui mkono wake? Nimemfundisha mimi! Kamshika mwanangu kichwa, halafu mnaniletea nijionee!"

Wakili akafumba macho. Afisa aliweka kalamu chini, akaagiza mtoto aitwe kutoka benchi la nje. Chiriku akaingia, nywele zimetimka, mikono nyuma.

"Binti," afisa alimwambia kwa upole, "ukiwa kwa baba, nani alikusuka?"

"Baba."

"Baba mwenyewe?"

"Eeh. Alijifunza kwa kamba za lori. Alizifunga kwenye kiti, akasuka, akafumua, akasuka." Akamtazama mama yake. "Halafu mama akafumua zote."

Dereva alikuwa hajakitazama vizuri kichwa cha mwanawe. Sasa alikitazama. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Mstari wa katikati ulipinda, najua," alisema. "Ni huo uliokuudhi?"

Msusi akakumbuka. Miaka yote ile mume wake alikuwa akimsubiri jioni kwenye benchi la saluni, kimya, na yeye akimwambia mbele ya wateja kwamba amekaa kama gunia. Kukaa huko kama gunia ndiko alikokulalamikia kwa wakili kuliko yote. Kumbe gunia lilikuwa linatazama vidole vyake.

Na wivu, msidhani uliondoka. Ulihama tu. Sasa alimwonea wivu dereva. Kichwa cha mwanawe kilikuwa kimelala magotini pa mtu huyo nusu siku nzima, wanapiga soga, wakati yeye, msusi mkuu, huwaachia wanafunzi wake kichwa cha Chiriku, kwa kuwa wateja wanasubiri. Hakukumbuka mara ya mwisho kumsuka yeye mwenyewe.

"Mama," afisa akauliza, "bado unapinga?"

"Sipingi. Akalale kwa baba yake. Vidole hayumo. Nimekosea."

Wakili akamsogezea karatasi, msusi akasaini.

"Baba, Jumamosi utanisuka tena?" Chiriku akauliza.

Dereva alimtazama msusi kwanza, kama mwanafunzi anayesubiri ruhusa ya kushika kichwa cha mteja.

"Mbele usimkaze," msusi alisema. "Nywele zake za mbele ni laini."

Akanyoosha mkono kumwonyesha wapi. Chiriku akarudi nyuma, akakifunika kichwa chake kwa mikono miwili.