Manung'uniko ya Programu ya Nukta

Mimi naitwa Mbula, na sina subira. Nasema mapema ili mtu asije akalalamika kwamba sikumwonya. Mwenye subira nyumbani kwetu ni mume wangu Jonah, na sijui imemfaidi nini, maana ugonjwa wa sukari ulimla macho yote mawili na subira yake ikiwa papo hapo.

Jonah alikuwa mhubiri wa kanisa letu hapa nje ya mji wa Kitui tangu kanisa likiwa la udongo. Na kanisani kwetu kuna desturi moja ambayo hatuchezi nayo: anayehubiri husoma Neno yeye mwenyewe, kutoka kwa maandishi yaliyo mbele yake. Hasomewi na mtu, wala hakariri. Jonah alipopofuka alijaribu kukariri. Jumapili moja akachanganya masomo mawili, akaanza na gharika akamalizia na harusi, na vijana wa nyuma wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jonah aliwasikia. Tulipofika nyumbani alikataa chai, na kwa Jonah kukataa chai si jambo dogo.

Baadaye akaja Mzee Mwangangi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Si mtu mbaya. Yeye na Jonah walichunga mbuzi pamoja, na siku hiyo alizunguka zunguka na habari za mvua mpaka nikataka kumtoa maneno kwa koleo.

"Ndugu yangu, pumzika," akasema mwishowe. "Umetumika vya kutosha. Jumapili ya mavuno ikipita, tutampa mtu mwingine mimbari."

"Na nikisoma siku hiyo?" Jonah akauliza.

"Utasoma na nini?"

"Na vidole."

Mwangangi alinitazama mimi, mimi nikatazama mlango. Kisha akasema, "Ukisoma, Jonah, mimi ni nani wa kukutoa?"

Jonah hakuwa anajigamba. Kuna shule ya wasioona hapa kwetu, na binti yetu Muthoki anafundisha kompyuta pale. Ni yeye aliyempeleka baba yake kujifunza maandishi ya nukta, zile nukta zilizoinuka kwenye karatasi ambazo mtu asiyeona huzipapasa akasoma. Uzee wote ule, mzee wangu alikaa darasani na watoto wa darasa la kwanza, na akajua. Lakini shuleni vitabu vya nukta vilikuwa vya Kiingereza, na sisi kanisani tunasoma Kikamba.

"Nau, nitakuandikia mimi," Muthoki akasema. Nau ndivyo tunavyomwita baba, na mama ni Mwaitu.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na kompyuta Kitui zilihesabika. Shule ilikuwa na mashine ya kugonga nukta, kubwa kama kasha, na ilikuwa na programu ya zamani kutoka ng'ambo iliyojua kugeuza maneno kuwa nukta. Lakini kuiendesha hiyo programu kulikuwa na kazi, amri ndefu za kuandika, na walimu waliiogopa. Kwa hivyo Muthoki akatengeneza programu yake mwenyewe kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Java. Mwalimu aandike maneno yake, abonyeze kitufe kimoja, basi. Hiyo ya Muthoki inaiita ile ya zamani, inaituma kazi, inaingoja imalize, halafu inapeleka nukta kwa mashine. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa, kwa sababu sikumwacha apumue.

Jumamosi, kesho yake ikiwa mavuno, tulikwenda wote watatu shuleni baada ya chai ya saa nne. Muthoki alimpa baba yake kiti karibu na dirisha, akampa na karatasi moja ya majaribio ya wiki iliyopita ajipashe moto. Yeye akakaa kwa kompyuta. Akajaribu mistari miwili ya Kikamba. Mashine ikalia trrrr, nukta zikatoka. Nikapiga makofi.

"Bado, Mwaitu," akaniambia. "Ngoja somo lote."

Akaweka somo lote, akabonyeza. Tukangoja. Hakuna kilicholia. Kompyuta ilikaa kimya, haikusema imemaliza, haikusema imeshindwa. Muthoki akaizima, akaiwasha, akabonyeza tena. Kimya kile kile.

"Muthoki," Jonah akasema kutoka dirishani, "hii karatasi..."

"Nau, ngoja kidogo."

Jonah akangoja. Muthoki akajaribu somo la Kiingereza, refu kuliko letu, na mashine ikaligonga lote bila shida. Akarudi kwa Kikamba, ikasimama. Ai!  Nikauliza kama hiyo mashine imeambiwa sisi si watu. Nikamwambia basi akate hilo somo vipande vipande, ailishe kidogo kidogo, maana vipande vidogo inakubali.

"Na wiki ijayo?" akanijibu. "Na mwalimu mwingine akiandika? Mwaitu, siwezi kuacha kitu hakifanyi kazi na sijui ni kwa nini."

Hiyo tabia haikutoka kwa baba yake. 

"Muthoki," Jonah akasema tena. "Nilikuwa nasema, hii karatasi yenu..."

"Nau, tafadhali! Nipe dakika moja tu. Ni kwa ajili yako nafanya haya yote."

Mzee wangu akaikunja ile karatasi kwa uangalifu, akaiweka magotini, akafunga mdomo. Namjua mume wangu. Akifunga mdomo hivyo kuna neno limebaki ndani. Nilitaka kumuuliza, lakini saa zilikuwa zinakwenda, na nikaona nikianza kuuliza huyu na huyu, tutalala hapo.

Saa saba ilipita. Muthoki alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye meza. Halafu akainuka pole pole, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Inaongea," akasema. "Woi, Mwaitu, inaongea na sisikilizi."

Nikamwambia anieleze kwa lugha ya watu.

"Umewahi kuona kinu cha posho pale sokoni? Mmoja anamwaga mahindi juu, mwingine anashika gunia chini. Sasa yule wa chini akienda zake, gunia likajaa, itakuwaje?"

"Unga utaziba mdomo wa kinu, kinu kisimame."

"Ndiyo hiyo. Hii programu ya zamani inajua maneno ya Kiingereza. Ikikutana na neno isilolijua, inaligeuza tu, lakini inanung'unika: neno hili silijui. Manung'uniko yanapita kwa njia yake, kama bomba. Na mimi sikuweka mtu kwenye hiyo njia. Nilikuwa nangoja nukta tu. Kiingereza hakina manung'uniko, kwa hivyo kinapita. Mistari miwili ya Kikamba, manung'uniko machache, yanatosha kwenye bomba. Lakini somo lote! Kila neno ni nung'uniko. Bomba likajaa, yenyewe ikasimama, inangoja mtu achote. Na programu yangu nayo imesimama, inaingoja imalize."

"Kwa hivyo zinangojana?"

"Tangu asubuhi."

Akaandika kwa haraka, vidole vikiruka. Aliweka, kama alivyosema, masikio mawili: moja la kupokea nukta, lingine la kupokea manung'uniko, yote yakisikiliza wakati mmoja. Akabonyeza. Na sasa manung'uniko yakaanza kumiminika kwenye kioo cha kompyuta, na Muthoki akawa anayasoma kwa sauti akicheka na machozi yakimtoka: "Neno silijui: mbua. Neno silijui: mũndũ. Neno silijui: nau. Neno silijui: mwaitu."

"Haijui mvua?" Jonah akasema. "Haijui mtu, haijui baba wala mama? Maskini! Na ilikuwa inayasema hayo yote asubuhi nzima?"

"Yote, Nau."

"Na hakuna aliyekuwa anaisikiliza."

Alisema bila ubaya. Jonah hana ubaya. Lakini Muthoki aliacha kucheka. Mashine ilikuwa imeanza kugonga, inapiga kelele kama mvua ya mawe kwenye mabati, somo lote linatoka, na yeye hakulitazama. Alisimama, akaenda dirishani, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Nau, wewe ulikuwa unasema nini?"

"Aa, wewe maliza kazi yako."

"Nimemaliza. Ulikuwa unasema nini kuhusu karatasi?"

Jonah akapapasa ile karatasi ya magotini. "Siisikii," akasema. "Nukta ziko, najua ziko, lakini vidole havizisikii. Sukari imeshuka mikononi. Miezi sasa. Vitabu vya shule nilikuwa nasoma kwa sababu karatasi yake ni ngumu. Hii yenu ni laini, nukta zinalala nikizigusa. Nilitaka kukuambia kabla hujasumbuka."

 Mume analala ubavuni mwangu, na vidole vyake vimekufa ganzi, na mimi nampa kikombe cha chai moto kila asubuhi nikifikiri anakishika kwa raha. Nilimkasirikia sana. Nilimpenda sana pia, vyote viwili kwa pamoja.

Muthoki alimshika mikono, akagusa kidole kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. "Hiki? Na hiki?" Kila kimoja Jonah alitikisa kichwa, mpaka alipofika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo kabisa. Jonah akakivuta. "Hicho kiko hai," akasema.

"Basi tunataka karatasi ngumu," Muthoki akasema. "Ngumu kuliko zote."

Hapo nikajua cha kufanya. Nyumbani ukuta wangu wote ulikuwa na kalenda: za duka la vipuri la Makindu, za mbolea, za bima, za miaka iliyopita na ya mwaka ule, nzito, zinang'aa, nyuma nyeupe. Watu huniuliza kwa nini sizitupi. Nilikwenda nikazing'oa zote, nikarudi nazo shuleni. Muthoki akazikata kwa kipimo, akazipitisha kwenye mashine moja moja, na nukta zikainuka nyuma ya kalenda ngumu kama punje za mtama. Jonah akapitisha kile kidole kidogo kwenye mstari wa kwanza. Midomo yake ikaanza kutembea. Muthoki akageukia ukuta akalia, na nikamwacha alie.

Jumapili kanisa lilijaa mahindi, mbaazi na kuku waliofungwa miguu. Jonah alipanda mimbarini na kalenda zake. Akasoma kwa kidole kimoja. Woi, pole pole! Neno, kimya, neno, kimya. Kanisani kwetu msomaji akikwama watu humwokoa kwa wimbo, ni huruma tu, wala hakuna anayemaanisha vibaya. Alipokwama mara ya tatu, Mzee Mwangangi akainuka, akavuta pumzi aanzishe pambio.

"Mwangangi, keti," nikasema, na sikunong'ona. "Hajamaliza."

Akaketi. Kanisa lote likanyamaza, hata kuku. Jonah akaendelea. Hakuna aliyemwokoa, hakuna aliyecheka. Watu waliinama mbele kwenye viti vyao, wakingoja kila neno lifike. Akafika mstari wa mwisho kabisa, na hapo kidole kikasimama. Kikarudi, kikaenda, kikarudi. Mstari ule sote tunaujua tangu utotoni. Ungeweza kuona midomo ya watu ikiwa tayari. Muthoki, aliyeketi mbele, alijiziba mdomo kwa mkono asije akausema.

Jonah akainua uso.

"Muthoki," akasema, mbele ya kanisa zima, "hapa nukta moja imelala."

Binti yangu akatoa mkono mdomoni.

"Nakusikia, Nau," akasema. "Usiwe na haraka."

Hakuharakisha. Akaipapasa mpaka akaipata, akausoma mstari hadi mwisho, kisha akahubiri.

Nje, watu wakibeba mahindi waliyonunua kwenye mnada wa mavuno, Mwangangi alikuja akamshika Jonah mkono, akaukuta ule wa kushoto, akaushikilia.

"Jumapili ijayo ni wewe," akamwambia. "Na mimi nyumbani nina kalenda tatu."