Propela Namba Kumi na Mbili

"Hivi ile boti yenu inakoroma au inakata roho?"

Jirani aliniuliza hivyo akiwa amesimama dirishani kwangu, mkono mmoja kwenye nondo, mwingine umeshika kitambaa alicholeta nimshonee. Nilicheka kidogo, maana jirani yangu huyu hata akikusalimia anakuchokoza. Lakini alipoondoka nilisimamisha cherehani nikasikiliza. Kweli. Boti ilikuwa inavuka na saruji, na sauti ya injini ilikuwa nzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia huku akijiuliza nitafika, sitafika.

Marehemu mume wangu alituachia boti hiyo na injini yake ndogo ya kutundika nyuma. Binti yangu ndiye anayeiendesha. Zamani ilibeba abiria wachache na vikapu vyao, ikawa inateleza tu. Sasa ng'ambo wanajenga zahanati, na binti akapata kazi ya kuvusha saruji na mabati. Tulimshukuru Mungu. Ila mzigo ulipozidi boti ikaanza kujivuta, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akasema dawa anayo.

Dawa yenyewe ilikuwa propela mpya, lile panga la injini linalosukuma maji, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Ile ya zamani ilikuwa namba kumi. Hii, kumi na mbili.

"Mzigo mkubwa unataka namba kubwa," alisema, kapiga magoti majini na suruali yake ya kutokea. "Hilo hata mtoto analijua."

Aliifunga mwenyewe, na asante hakuitaka. Ndivyo alivyo. Watu wengine wakifiwa na ndugu humkumbuka mjane siku ya kugawana vitu. Yeye alinikumbuka siku ya mvua, akapanda juu ya paa langu na misumari mdomoni.

Basi tangu siku ile boti ikazidi kuharibika. Pua ilitazama mbinguni, nyuma ikadidimia mpaka maji yakachungulia ndani. Binti akifungua mafuta yote injini haichanganyi mwendo, inanguruma pale pale. Mafuta ikawa inayanywa kama mgonjwa wa kiu, na ikirudi huwezi kuigusa kwa joto. Shemeji alikuja akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Imezeeka. Tuiuze wakati bado inawaka. Kesho asubuhi namleta mtu aichukue. Na wewe mwanangu utatafutiwa kazi ya nchi kavu."

 Binti alikuwa anafuta kifuniko cha injini kwa kitambaa, akaendelea kukifuta mahali palipokwisha kuwa safi. Bila injini hiyo kazi ya zahanati ingekwenda kwa mwingine, na cherehani yangu peke yake haitulishi.

Shemeji alipokwenda zake, tukaenda kwa fundi wa injini nyuma ya soko. Fundi hakuuliza umri wa injini. Aliuliza imefungwa propela gani.

"Kumi na mbili? Na saruji? Mnamtesa mnyama wa watu!" Akashusha propela moja ukutani, akanionyesha palipogongwa namba zake mbili. "Mama, namba ya kwanza ni upana, hiyo haina ugomvi. Hii ya pili ni hatua. Kumi na mbili maana yake kila ikizunguka mara moja inataka kusogea inchi kumi na mbili. Sasa, mwenye gunia kichwani anapiga hatua ndefu?"

"Atapasuka msamba," binti akasema.

"Umeona? Mpe hatua fupi, miguu iende haraka. Chukueni hii namba nane mkajaribu. Ila ukirudi bila mzigo usifungue mafuta yote, itapiga kelele kupita kiasi."

Njiani binti alikuwa anatembea mbele yangu, propela kaikumbatia.

"Mama, naifunga sasa hivi. Kesho baba mkubwa na mnunuzi wake wakute boti inakimbia."

"Hapana. Aliyefunga ile ndiye ataifungua."

"Na asipotaka?"

Nikafunga khanga yangu upya.

"Kwa hiyo tutauza injini kwa adabu," akasema.

Neno lile lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilipofika nyumbani niliingia chumbani nikasali. Sikuomba ushindi. Niliomba maneno machache.

Jioni shemeji akaja. Nikampa kiti na chai. Propela ilikuwa mezani juu ya kipande cha khanga, akaiona kabla hajaonja chai.

"Nini hii? Feni ya kuku?" Akaigeuza. "Namba nane! Shemeji, mmenidharau."

"Ya kwako hatujaigusa. Iko pale pale ulipoifunga."

Binti alifungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

"Shemeji," nikasema, "nikuulize jambo la lori."

Aliendesha malori mpaka mgongo ukamkataa, na habari za lori hata umwamshe usingizini atakupa. "Uliza."

"Umepakia mbao mpaka juu, mlima uko mbele yako. Unaweka gia gani?"

"Ya kwanza. Kuna nyingine?"

"Moja si ndogo? Mbona usiweke nne?"

Alicheka, chai ikamwagika kwenye kisahani. "Ungetuua wewe! Nne, na mbao, mlimani? Injini itakoroma, haitachanganya, itachemka, na mwishowe uta..."

Akaishia hapo.

Binti akatazama sakafu, Mungu ambariki. Shemeji akaivuta ile propela karibu, akapitisha kidole gumba juu ya namba.

"Nani kakwambia haya?"

"Ya propela kasema fundi. Gia nimesema mwenyewe. Lori nimelijua kwako."

Akaizungusha propela mkononi, chai ikapoa. Niliogopa. Mtu anaweza kujua kuwa amekosea na bado akaiuza injini yako, ili tu asije akalazimika kukiri. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Bwana, kesho usije... Hapana, hatujapata mnunuzi mwingine. Injini haina ugonjwa. Ni dereva, aliweka gia ya nne mlimani." Akakata.

"Dereva gani, baba mkubwa?" binti akauliza. "Dereva si mimi?"

Shemeji alimtazama kidogo. Akainuka, akachukua koleo juu ya kabati, akaitia propela namba nane kwapani, akatoka kuelekea kwenye boti kuifungua ile ya kwake.