Tiki ya Buluu

Ujumbe uliingia Rispa akipiga pasi gauni la kijani. Ooko alikuwa amebadilisha mpango. Wasikutane tena Soko la Burma kula nyama choma kama walivyopatana. Angetuma gari limchukue Rispa mlangoni kwake Jericho saa sita, limpeleke nyumbani kwake Donholm, wale wakiwa wametulia. Burma kuna moshi na kelele, aliandika, na mjane na mgane hawawezi kujuana katikati ya kelele.

Rispa alizima pasi. Akaiwasha tena. Gauni lilikuwa limenyooka kitambo.

Walikuwa wamekutana kwenye Ubavu, programu ya simu inayowatafutia Wakristo wachumba. Rispa alijiunga kimyakimya, na kila mwezi ada ilikatwa kwenye simu yake bila yeye kuulizwa. Kanisani hakuna aliyejua. Kati ya wanaume wote waliomwandikia alimchagua Ooko kwa sababu moja: kando ya jina lake palikuwa na tiki ya buluu. Kwao Ujaluoni, kabla msichana hajaolewa, jagam hutangulia. Huyo ndiye mshenga anayefika mpaka kwenye boma la mwanamume, akawauliza majirani kama ni mlevi, kama ana mke mwingine, kama mkono wake ni mwepesi wa kupiga. Rispa aliichukua tiki kuwa kazi ya jagam. Mtu alikuwa amekwenda, ameuliza, na amerudi na neno zuri.

Sasa moyo wake ulikataa kutulia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amfungulie njia hii au aifunge, kisha akainuka kabla ya kusema amina, akawaandikia Ubavu kuuliza walimkagua vipi mwanachama huyu. Jibu lilikuja papo hapo, kama lililoandikwa siku nyingi kabla ya swali. Walimshukuru. Tiki ya buluu, walisema, ni zawadi kwa kila mwanachama anayelipia kifurushi cha Dhahabu. Chini yake palikuwa na kitufe cha kumwalika naye alipie.

Alibeba simu hadi nyumba ya pili, kwa shangazi yake Amondi, muuza dagaa wa omena ambaye zamani aliwahi kuwa jagam. Alieleza yote akitazama sakafu, akingoja kukemewa. Amondi alipangusa mikono na kuuliza tu kama mwanamume huyo anajua anakoishi.

"Nilimtumia ramani jana, Waya," Rispa alisema. Ndivyo alivyomwita shangazi kwa lugha ya nyumbani.

"Mpigie. Weka sauti juu. Mwambie kuna mzazi anataka kumsalimia."

Ooko alipokea kwa sauti laini. Amondi alimtania kwamba mwanamume kuishi Donholm bila mpishi ni kulionea jiko, na Ooko akacheka. Alipoulizwa kwao, alitaja Ugenya, hukohuko Ujaluoni, bila kusita. Alipopewa pole ya mkewe, alishukuru, akasema alimzika nyumbani, kwenye boma alilomjengea.

"Mungu akutie nguvu, mwanangu. Kaburi lake liko upande gani?"

"Upande gani?"

"Wa nyumba. Nauliza tu, mimi pia nimezika."

"Nyuma, Mama. Kule kwenye migomba, pametulia."

Rispa alijifunika mdomo. Mume wake alizikwa upande wa kulia ukitoka mlangoni. Kushoto, mahali pa kaburi lake yeye, palikuwa na nyasi tupu, na kila alipokwenda nyumbani alipatazama. Mjaluo hamziki mkewe nyuma ya nyumba. Huko huzikwa binti ambaye hakuolewa.

"Na wazee wa boma walikukubalia?" Amondi aliuliza kwa upole uleule. Simu ilikatika.

Gari lilikuja hata hivyo. Amondi alikuwa ameshafunga mlango kwa komeo, na Rispa ameketi kati ya magunia ya omena, gauni la kijani mwilini. Walisikia honi, na kupitia pazia wakaona gari jeupe. Kisha walisikia hodi ikibishwa nyumbani kwa Rispa, na mwanamume akiliita jina lake taratibu, kama mtu wa nyumbani. Rispa alitafuta zaburi moja moyoni na hakuikumbuka hata moja. Mwishowe jirani yao Mulongo alimuuliza mgeni anamtaka nani, na gari likaondoka.

Rispa aliwaandikia Ubavu tena. Walimshukuru tena. Jumapili asubuhi alipofungua programu, Ooko alikuwa palepale akitabasamu, tiki kando ya jina.

Baada ya ibada, akina mama walipobaki kwa ushirika wao, Rispa alisimama. Aliwaonyesha picha ya Ooko na kuwasimulia, simu ikipita mkono kwa mkono. Mke wa Mulongo alisema kumbe dada yao alikuwa akitafuta ubavu wakidhani anafunga na kuomba. Wengine wakacheka.

Simu ilifika kwa Okinyi, mjane anayeongoza maombi ya kufungua ushirika. Okinyi aliishika, hakuipitisha.

"Gari lilikuwa jeupe?" aliuliza.

Kicheko kiliisha. Rispa aliitikia kwa kichwa.

"Kwangu ameahidi kulituma Jumanne."

Rispa alivuta kiti, akaketi karibu naye.