Kuku Juu, Twiga Chini

Vitabu vilihama tena Jumanne. Asubuhi Mbeyu, mkutubi, alikuwa amevipanga kwenye rafu ya chini kabisa ya chumba cha watoto, ambayo hata mtoto wa chekechea aliweza kuifikia bila msaada. Aliporudi kutoka kula, baadhi yake vilikuwa rafu ya juu, karibu na dari.

Maktaba ile ya jumuiya ilikuwa mtaa wa Kuze, katika mji wa kale, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Ilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha watoto na kingine cha watu wazima, ambao wengi wao walikuja kusoma magazeti. Mwaka huo, 1995, chumba cha magazeti kilifurika mpaka watu wakasoma wamekaa ngazini. Kamati ikapitisha uamuzi: ikiwa watoto hawataazima vitabu zaidi kufikia mwisho wa muhula, chumba chao kitapewa watu wazima.

"Sina ugomvi na watoto," mwenyekiti, Bwana Badawi, alimwambia Mbeyu. Alikuwa muuza viungo pale sokoni Marikiti na hakupenda nafasi ilale bure. "Lakini chumba kitupu ni chumba kitupu."

Watoto walikuja, wakavikosa walivyovitaka, wakaondoka. Sababu ya hilo Mbeyu aliijua. Asichokijua ni nani anavipandisha vitabu, na kwa nini hivyo na si vingine.

Alikuwa amesomea ukutubi Nairobi, na aliamini kwamba anayepanga vitu anafuata kanuni fulani. Aliitafuta kanuni hiyo. Haikuwa ukubwa wa vitabu, wala rangi, wala majina ya waandishi. Cha kuku kilipanda, cha twiga kikabaki. Cha mvua kilipanda, cha samaki kikabaki. Cha mwizi wa maembe kilipanda, na cha mwalimu mwema kikabaki chini. Maadili pia, basi, hayakuwa kigezo.

Tena kulikuwa na suala la mkoba wake. Aliuacha sakafuni kando ya meza, akaukuta umetundikwa kwenye komeo la dirisha. Hakikupungua kitu ndani yake.

Alimshuku Sufyan, msomaji wa magazeti aliyekuwa wa kwanza kulalamika kwamba hapana viti.

"Dada, mimi nina haja gani na kuku?" Sufyan aliuliza bila kuinua macho kwenye ukurasa wa michezo. "Labda ni majini. Nyumba hizi ni za zamani."

"Majini wanaosoma hadithi za watoto?"

"Kwani wao hawana watoto?"

Jumatano Mbeyu hakwenda kula. Alikaa chumba cha magazeti, akaangalia kupitia mlango uliokuwa wazi. Bi Mwanabaraka aliingia na mjukuu wake, Lamis, kama kawaida ya kila siku. Mtoto akakaa kuchora, naye bibi akasogeza kiti. Alikiokota kitabu cha kuku, akakibusu, akakigusisha kwenye kipaji cha uso, kisha akapanda kiti.

"Bi Mwanabaraka! Kumbe ni wewe?"

Mama yule hakushtuka. "Na kumbe ni wewe wavishusha? Mimi nikisema ni watoto hawa watundu. Magoti yangu yamekwisha, mwanangu, kwa kupanda kiti."

"Mbona hukuniambia?"

"Hilo nalo ni jambo la kuambiwa? Kitabu chenye jina la Mola hakiwekwi chini, watu wapita na viatu."

"Lakini hiki ni cha kuku."

"Fungua mwisho."

Katika ukurasa wa mwisho, mama aliyempata kuku wake alisema, "Alhamdulillahi."

"Na mwizi wa maembe?"

"Huyo kila akishikwa yuwaapa 'Wallahi.' Mrongo mkubwa! Lakini jina ni jina."

"Na mkoba wangu?"

"Una Biblia ndani, nao wauacha wazi sakafuni. Haya, Mbeyu, hata nawe?"

Mbeyu aliitazama rafu. "Umevisoma vyote hivi?"

"Ningevijuaje vya kupandisha?"

Kwa hiyo msomaji mkubwa kuliko wote wa chumba cha watoto alikuwa bibi wa watu, naye hakuwa ameazima hata kimoja. Kanuni ilikuwa imepatikana, lakini haikusaidia. Chini, vitabu visingekaa. Juu, watoto wasingevifikia.

"Kule chuoni, watoto husomea Kurani wapi?" Mbeyu aliuliza.

"Mkekani."

"Na msahafu?"

"Mbele yao, juu ya marufaa, kibao cha shubiri moja tu."

"Hapo si chini?"

Bi Mwanabaraka alifikiri. "Kule hapana viatu," alisema taratibu, kama mtu asiye na hakika na jibu lake.

Siku iliyofuata Mbeyu alitandika mikeka chumba kizima, viatu vikabaki nje ya mlango. Bi Mwanabaraka alikizunguka chumba kwa soksi, akaikagua rafu ya chini, asipandishe kitu. Vitabu vilikaa. Watoto wakaanza kuondoka navyo. Ila halikuwa hilo tu: waliokosa viti kwenye magazeti walivua viatu nao wakaingia, na baada ya siku kadhaa Sufyan alikuwa akimsomea Lamis habari za mwizi, akiapa kwa sauti ya mwizi mwenyewe.

Bwana Badawi alikuja muhula ulipokwisha.

"Viatu, Bwana Badawi," Mbeyu alisema.

"Pamekuwa msikiti hapa?"

Alifungua kamba, akaketi kwa taabu, akatazama wazee na watoto waliochanganyika. "Hiki sasa ni chumba cha nani?"

Mbeyu alipenda kujibu kwa ushahidi, na ushahidi ulielekea pande zote mbili. "Sijui. Watoto wanaazima. Na wakubwa pia."

"Uamuzi ulisema cha hawa au cha wale. Haukusema hivi."

"Badawi," Bi Mwanabaraka aliita, "sogea, wanizibia mwangaza."

Akasogea. Kisha akavaa viatu vyake, akaenda kuiarifu kamati.

Jumatatu alikuja fundi seremala, aliyetumwa na kamati. Mbeyu alisimama mbele ya rafu ya watoto.

"Uniambie kwanza unakuja kung'oa nini."

"Kung'oa?" Fundi alitandaza futi yake ukutani, nje ya mlango. "Nimeagizwa rafu ya viatu. Ila hawakunambia ni vya watoto au vya wakubwa."

"Nao hawajui," Mbeyu alisema. "Ifanye ndefu."